Mifupa Bila Nyama

Mtoto alirudi kutoka shuleni akiimba, na mama yake, aliyekuwa amepiga magoti akitafuta soksi chini ya kitanda, akajigonga kichwa kwenye chaga.

"Nda-nda re, hee ya ro, mm-mm-mm, nda-nda re..."

Wimbo haukuwa mbaya. Ubaya wake ni kwamba haukupaswa kujulikana na mtu yeyote zaidi ya watu watatu, na mtoto huyu wa darasa la tatu hakuwa mmoja wao.

"Mwanangu, hiyo umeitoa wapi?"

"Shuleni. Darasa zima tunaimba. Na una kucheza kwake, hivi." Mtoto akatupa begi kitandani, akatikisa bega moja, kisha la pili, akazunguka. "Si ni wewe, Mama? Dada yake rafiki yangu anao kwenye simu, na picha yako ipo. Nikawaambia huyu ni mama yangu, wakabisha."

"Wakabisha nini?"

"Wakasema mama yangu ananyoosha nguo."

Kweli ananyoosha. Watu wanamwita Pasi, na jina limemkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, anafanya kazi katika duka la dobi la mjomba wake tangu usichana, na mpaka leo hajabadilisha mpangilio: kola kwanza, kisha mabega, mikono, na kifua mwisho, maana kifua ndicho mwenye shati atakachokitazama kwenye kioo. Ya pili, ni mghani. Kuna kilinge cha waghani kinachokutana Jumapili alasiri nyuma ya karakana ya mchomeleaji vyuma, na huko husemwa kwamba mstari ukipita kinywani mwa Pasi hautoki na mkunjo. Amesifiwa hivyo miaka na miaka. Redio haijawahi kumpiga hata siku moja. Sifa za kilinge ni tamu, ila hazivuki ukuta wa karakana.

Sasa, kuna mambo mawili ya kazi yao ambayo asiyeyajua hataelewa kwa nini alijigonga kichwa. La kwanza ni mifupa. Pasi akitaka kutengeneza wimbo huingia kwenye kibanda cha kurekodia, ambacho kwa kweli ni kabati la nguo lililong'olewa rafu na kubandikwa godoro kuukuu, mdundo ukapigwa, naye akamung'unya chochote kinachokuja: nda-nda, re-re, mm-mm. Hayo si maneno. Anapima tu pumzi iingie wapi, sauti ipande wapi, ikatike wapi. Hiyo ndiyo wanayoiita mifupa. Baadaye maneno hupimwa juu yake silabi kwa silabi, na hayo ndiyo nyama. Mifupa hufichwa ndani, kama inavyofichwa kwa kila kiumbe mwenye adabu zake.

La pili ni kupoa. Wimbo ukikamilika hawausikilizi. Wanaukabidhi utoke, nao wanakaa wiki nzima bila kuugusa, kwa sababu mtu akiusikiliza wimbo wake ungali moto ataanza kuuchokonoa, leo hiki, kesho kile, mpaka autoe roho. Ni desturi yao ya siku nyingi na wanaiheshimu kama amana. Ndiyo maana wimbo mpya ulikuwa umeshatoka, mji mzima umeshausikia, na kati ya wenyewe hakuna aliyejua kilichotoka.

Aliyeileta desturi hiyo ni Kasuku.

Kasuku ni mchora mabango. Jina alilipata shuleni, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kufaulu kumnyamazisha, na yeye na Pasi walianza kughani pamoja wakiwa bado wasichana wa sare za shule. Mwaka jana alipasuliwa uvimbe shingoni. Uhai ukabaki, sauti ikaenda. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Kilichosalia ni mnong'ono mkavu kama karatasi zinazopekuliwa, na ili uusikie ni lazima uinamishe kichwa na unyamaze kabisa. Na watu, hasa wale wanaokupenda, hawajui kunyamaza. Mama yake ndiye bingwa wao. Tangu hospitali anamsemea kila kitu: kwa daktari, dukani, mbele ya wateja wa mabango. Kasuku akifungua mdomo tu, mama ameshamaliza sentensi, tena kwa upendo, na mara nyingi si sentensi aliyoikusudia mwenyewe.

Wimbo huu ulikuwa wa kwanza tangu ugonjwa ule. Beti ya kwanza aliiandika Pasi. Ya pili aliiandika Kasuku peke yake, akaja nayo studio, akamshika rafiki yake kiganja na kumnong'oneza, "Niazime koo lako." Ilikuwa hivi:

*Nilimwita mama, mama hakugeuka,*
*Si kwamba kakasirika, sauti haikufika.*
*Neno lilitoka moyoni, kooni likakatika,*
*Nikanyoosha mkono, nikamgusa, akashtuka.*
*Tangu hapo wanisemea, mama, hujachoka,*
*Ningoje kidogo, mama, neno langu litatoka.*

Pasi aliighani huku machozi yakimshuka ndani ya lile kabati, na prodyuza, jamaa mmoja mnene mpole anayeitwa Besi, alijifanya anatafuta waya ili asionekane naye anafuta macho. Hiyo ndiyo beti iliyopaswa kutoka. Badala yake kukatoka nda-nda re, na pale palipokuwa na mama wa watu pakawa na mm-mm-mm.

*

Pasi alimkuta Besi studio, amekaa mbele ya mashine zake, uso umempauka. Naye alikuwa ameambiwa na wanawe.

"Nisikilize kabla hujanipiga," alisema. "Kulikuwa na faili tatu. Pasi Mwisho, Pasi Mwisho Kabisa, na Pasi Mwisho wa Mwisho. Wewe mwenyewe ungetuma ipi?"

"Mimi ningesikiliza kwanza."

"Tunapoza, dada. Sheria yetu wenyewe."

 Pasi alivuta kigoda akakaa. "Basi utoe mtandaoni. Weka wenyewe."

"Nautoa sasa hivi. Lakini tazama kwanza." Besi akageuza kioo cha kompyuta. Namba ya watu waliousikiliza ilikuwa ndefu hivi kwamba Pasi aliisoma kwa kidole, akapotea katikati, akaanza upya. Chini yake kulikuwa na video: wasichana wanatikisa mabega jikoni, askari wa lindo anatikisa bega getini, bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu anatikisa bega moja tu lililo zima. Wote juu ya mmung'unyo wake. Wote wanacheka.

"Nikiutoa, tunaanza sifuri," alisema Besi polepole. "Na ule wenye maneno... wewe unajua na mimi najua. Watu watano wa kilinge watasema ni moto, mambo yameisha. Mimi ni kosa langu, sina kauli. Semeni nyinyi. Mpigie Kasuku."

"Kasuku hapigiwi simu, Besi."

"Ee, samahani. Mwandikie."

Kasuku alikuwa shambani kwa kaka yake, amekwenda kupumzika na kunywa maziwa, mahali ambapo mtandao ulipitisha ujumbe wa maandishi tu, tena kwa kusuasua. Wimbo asingeweza kuusikia mpaka arudi. Pasi alilijua hilo, na ingekuwa vyema kusema kwamba halikumpitia kichwani. Lilimpitia, likakaa.

"Usiutoe leo," alisema. "Acha nimwandikie kwanza."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii Pasi ameitia kwenye mistari yake mara nyingi tu, akiwaelekezea wengine.

Akiwa njiani kurudi nyumbani simu ililia. Ujumbe wa Kasuku ulikuwa umetangulia kabla ya wake. *Umetoka? Watu wanasemaje?*

Alisimama kando ya barabara, mbele ya duka la vipuri, akaandika: *Kuna tatizo.* Akafuta. Akaandika: *Besi kakosea.* Akafuta. Kumtupia Besi mzigo wote kulimtia haya. Mwishowe akatuma: *Wanaupenda sana.*

*Na beti ya pili?*

*Mpaka watoto wa shule wanaimba.*

Kila neno hapo lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo. Kasuku alirudisha moja tu: *Nimelia.* Pasi akaizima simu.

*

Hofu ina namna yake ya kumkalia mtu. Haikumjia kwa kishindo, ilimjia kwa kazi. Siku iliyofuata alinyoosha suruali ya mteja ikatoka na mistari miwili ya mkunjo kila mguu, sambamba kama reli. Hilo ni kosa la mwanafunzi, na mwenyewe alikuwa akiwacheka wanafunzi kwalo.

"Sasa huyu bwana atapanda treni ya nani?" aliuliza Mjomba, akiiinua suruali juu. Kisha akairudisha mezani, maana siku hiyo hakuwa na hasira. Alikuwa amefurahi. "Lakini nimekusamehe. Nimeusikia wimbo wako, mpwa wangu. Hatimaye! Huo ndio wimbo. Ile mingine ulikuwa unatugombeza. Mtu anarudi kachoka, anataka kupumzika, anakuta anagombezwa na mpwa wake."

"Ile mingine ina maana, Mjomba."

"Na huu una nini?"

"Huu hauna kitu."

"Ndiyo maana umenikaa," alisema Mjomba, akaenda zake akimung'unya, na bega likimcheza. Miaka yote Mjomba hakuwahi kuimba hata mstari mmoja wa Pasi.

Pasi aliirushia suruali maji, akainyoosha upya. Hiki ndicho kilichokuwa kinamtafuna, na hakumwambia mtu: kwamba wimbo huo ulikuwa unamfurahisha. Miaka yote amepika maneno, akayaonja, akayarudisha jikoni, na watu wakapita. Sasa wamenusa mvuke tu wakaja na sahani zao. Alikuwa na uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na kitu kitamu, na aliona haya kwa kile kitamu kuliko kwa uongo wenyewe.

Jumapili alikwenda kilingeni kwa mazoea, miguu mizito. Siku hizi kilinge kimegawanyika, na ugomvi wenyewe unachosha masikio. Wakongwe wanasema vijana hawaandiki, wanachukua mdundo wa bure mtandaoni, wanaitia sauti dawa kwa kompyuta mpaka inalia kama mlango, na nyimbo zao zinaisha kabla hujakaa. Vijana wanasema wakongwe wanaghani kama wanasoma taarifa ya msiba, na vina vyao ni vilevile tangu enzi za kaseti. Wote wana haki kidogo, na kila upande unaishi kwa ile kidogo yake.

Aliyemwahi alikuwa kijana mmoja wanayemwita Betri, kwa kuwa haishi. Alimshika mikono yote miwili.

"Dada Pasi, umetufungulia mlango. Watu wanadhani sisi hatuna la kusema. Tunalo! Ila ukisema tu, mtu ameshatelezesha kidole, amehama. Wewe umewakamata bila neno hata moja. Tufundishe, dada. Uliwaza nini?"

Hakuwa anamdhihaki. Macho yake yalikuwa safi, anauliza kama mwanafunzi, na Pasi alitamani afadhali angetukanwa.

Mchomeleaji, mwenye karakana na mwenye kilinge, alikuwa ameegemea geti alilokuwa analiunga, barakoa ya chuma imepandishwa kipajini. Yeye ndiye aliyewafundisha Pasi na Kasuku kuhesabu pumzi. "Mimi sitaki maneno mengi," alisema. "Mifupa nikiiona naijua. Nyama iko wapi?"

Wote walikuwa wanasikiliza. Palikuwa na nafasi hapo ya kusema ukweli, pana kama geti la kupitisha lori.

"Ni mtindo mpya," alisema Pasi.

"Mtindo."  Mchomeleaji akashusha barakoa usoni, ingawa hakuwa ameshika mashine ya kuchomelea wala chochote. Ulimi hauna mfupa, husemwa, lakini siku ile wa Pasi ulikuwa mgumu kama kuni.

Jumatatu mtu mmoja mwenye sauti ya bashasha alimpigia akiwa kazini. Alikuwa mwandaaji wa onyesho la vijana kwenye ukumbi mkubwa, Jumamosi mchana. Jukwaa la kweli, maiki za kweli, taa. Pasi hajawahi kusimama mahali penye taa isipokuwa ile ya mezani kwa Mjomba.

"Tunataka uleule," alisema. "Usibadilishe hata pumzi. Hasa ile sehemu ya pili, ya mm-mm-mm. Hapo ndipo watu wanapoinuka."

"Kuna maneno pale," Pasi alijisikia akisema. "Kwa asili, pale pana maneno."

"Maneno ya nini tena, dada?" Mtu yule alicheka, bila ubaya. "Uko vizuri ulivyo."

Alikubali. Alipokata simu alijiambia kwamba atamwandikia Kasuku jioni, akimweleza yote, na kwamba Kasuku ni mtu mzima, ataelewa. Jioni aliposhika simu akakuta ujumbe tayari unamsubiri. Habari za onyesho zilikuwa zimefika hata shambani.

*Nimesikia habari za Jumamosi! Narudi siku hiyohiyo, nakuja moja kwa moja. Namleta na Mama. Hajui niliandika nini. Nimemwambia tu asikilize beti ya pili.*

Pasi alisoma mpaka kioo kikazimika chenyewe. Alikiwasha, akasoma tena. Mtoto alikuwa anaimba bafuni, na maji yanamwagika, na ule wimbo unaingia kwenye povu na kutoka. "Nyamaza!" Pasi alifoka, kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe. Bafuni pakawa kimya. Baadaye alikwenda kuomba radhi, na mtoto, akiwa amejifunga taulo, akamuuliza kwa nini hapendi wimbo wake.

"Naupenda," alisema Pasi. "Ndiyo shida yenyewe."

*

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Pasi iliishia kwenye ngazi za ukumbi, Jumamosi, jua la mchana likichoma.

Alikuwa amefika mapema na mtoto na Besi, akizunguka mlangoni, akitaka amwahi Kasuku kabla hajaingia, amvute pembeni, amwambie. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri kwa mpangilio wa shati, kola kwanza. Ila teksi iliposimama na Kasuku akashuka, kanga ya mama yake ikinaswa mlangoni, kundi la wasichana wa sekondari lilikuwa linapanda ngazi. Walimwona Pasi. Wakapiga kelele, wakaanza kwa pamoja, mabega juu, "Nda-nda re, hee ya ro," na wakafika hadi beti ya pili, na wakaimung'unya yote, mm-mm-mm, bila kuruka hata pumzi moja.

Kasuku alisimama na mkono kwenye mlango wa teksi. Alikuwepo siku mifupa ilipowekwa, alikaa sakafuni akila karanga na kuhesabu silabi kwa vidole. Hakuhitaji kuelezwa. Pasi alimwona akitabasamu mwanzoni, kwa mazoea tu ya kuusikia mdundo wao, kisha tabasamu likakaa peke yake usoni, bila macho, kisha likaondoka.

"Kasuku, ngoja nikwambie."

Midomo ya Kasuku ilicheza. Kwa kelele zile hakuna aliyesikia kitu.

"Anasema hongera sana!" Mama yake alipaza sauti, akimkumbatia Pasi kwa nguvu. "Anasema amefurahi mno! Njia nzima ananisisitiza, Mama, beti ya pili, beti ya pili. Haya, twendeni ndani, jua kali."

Pasi alitazama juu ya bega la mama huyo. Kasuku hakuwa amesema hongera.

Kasuku na mama yake waliwekwa mstari wa mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki vya wageni, mtoto wa Pasi katikati yao. Kutoka nyuma ya pazia Pasi alimwona mwanawe akimfundisha mama wa Kasuku kutikisa bega, na mama wa watu anajaribu, anacheka, kisha anauliza kitu. Mtoto akainua mabega. Pasi hakuhitaji kusikia. Mama alikuwa anauliza maneno yako wapi.

"Besi," alisema. "Utapiga mdundo mtupu. Sauti yangu usiiweke. Nitaghani wimbo wenyewe."

Besi aliangalia upande wa mwandaaji, kisha akamwangalia yeye. "Watakuzomea."

"Najua."

Akapiga moyo konde, akatoka.

Taa zilikuwa kali kuliko alivyofikiri. Mdundo ulipoanza, ukumbi ulilipuka, na kabla hajafungua mdomo wao walikuwa wameshaanza. Mamia ya watu, nda-nda re, kwa furaha tupu, usoni mwake. Pasi alianza beti yake ya kwanza, maneno yenyewe, na hayakufika popote. Ilikuwa kama kuongea chini ya bati mvua ikinyesha. Alipaza sauti, nao wakapaza. Hawakuwa wanampinga, maskini, walidhani wanamsaidia. Alighani beti nzima na hakuna sikio hata moja lililoshika neno, na ghafla alielewa, kwa mwili wake wote, jinsi Kasuku anavyoishi.

Beti ya pili ilikuwa inakuja. Alimwashiria Besi kwa mkono: kata. Mdundo ukakatika. Ukumbi haukukatika, ulizidi. Basi Pasi aliitua maiki kwenye sakafu ya jukwaa, akatembea mpaka ukingoni, akashuka, akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki cha mama wa Kasuku, uso kwa uso, karibu hivi kwamba aliona unga wa poda kwenye kola yake.

"Mama," alisema, "haya si yangu."

Na akaighani. *Nilimwita mama, mama hakugeuka.* Nyuma yao watu wanaimba mifupa, na yeye anaivisha nyama pale, mstari kwa mstari, kwenye sikio la mtu mmoja. Mama alianza kwa kutabasamu. Pasi alipofika *sauti haikufika*, tabasamu lilimtoka. Alipofika *nikamgusa, akashtuka*, mama aliweka mkono begani pake mwenyewe, mahali fulani, kama aliyeguswa tena.  Mistari miwili ya mwisho Pasi aliikimbiza, akiogopa pumzi haitatosha.

Huko nyuma kuimba kulianza kulegea. Watu waliona kichwa tu cha mtu aliyechuchumaa, hakuna sauti, hakuna mdundo. Mmoja akapiga mluzi. Wengine wakaanza kuzomea, kwanza kwa mzaha, halafu kweli. Mwandaaji alikuwa anapitisha kiganja shingoni kando ya pazia, ishara ya kwamba aache. Pasi alisimama, akainama kidogo kwa heshima, akatoka, na kabla hajamaliza ngazi walikuwa wameshaweka wimbo wa mtu mwingine na ukumbi umeinuka kuucheza.

*

Kasuku, mama yake na mtoto walimfuata kwenye korido ya nyuma, palipolundikwa viti vibovu. Huko palikuwa kimya kiasi. Mtoto alikuwa amemshika Kasuku mkono, hajui nani kakosea, ila anajua kuna aliyekosea.

Kasuku alisimama mbele ya Pasi. Akafungua mdomo.

"Anasema..." mama yake alianza.

Na akaacha. Alifunga mdomo. Ilimgharimu, mtu angeweza kuona; alibana midomo kama mwenye kushikilia maji, akaikunja mikono yake kifuani ili isimsaidie kusema. Akamtazama binti yake, akangoja.

 

"Ulijua," alinong'ona Kasuku.

"Nilijua. Wiki nzima."

"Watoto wanaimba."

"Niliandika hivyo, ndiyo. Nilikudanganya. Nilitaka kupendwa, Kasuku. Kidogo tu. Nikaona siku moja haitaua mtu, halafu siku ya pili." Akamwangalia Kasuku machoni. "Besi anautoa mtandaoni leo, anaweka wenyewe. Tunaanza sifuri."

Kasuku alivuta pumzi. Wote watatu, hata mtoto, waliinamisha vichwa wakisubiri.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

Pumzi nyingine. Hii ilichukua muda zaidi, na mama yake alikuwa ameanza kulia bila kutoa sauti hata ndogo.

"Na mistari miwili ya mwisho umeikimbiza. Rudia."

Pasi aliangalia huku na huku: viti vibovu, balbu moja, na kule ukumbi unacheza wimbo wa mtu mwingine. Akajifuta uso kwa kiganja. Akaanza tangu mwanzo, polepole, kwa mpangilio, na mama wa Kasuku akasikiliza bila kusema neno mpaka la mwisho likatoka.